Nguzo za hekalu ndani ya msikiti: sanaa ya India ni ya dini gani hasa?

Kaka mmoja wa Mombasa ameniandikia. Alimpeleka mama yake matibabu Ahmedabad, mji wa Gujarat, wakakaa mwezi mzima, na siku ambazo hospitali haiwahitaji dereva wa tuktuk akawa anamzungusha mjini. Ijumaa akaswali msikiti mkubwa wa mji wa kale, akaona nguzo zimechongwa kama za hekalu na darini kuna maua ya yungiyungi, mpaka akajiuliza yuko wapi. Kesho yake akapelekwa "hekalu la Wahindu" la marumaru nyeupe nje ya lango la Delhi Darwaza, akakuta nakshi zilezile. Anauliza: "Hii sanaa ni ya dini gani? Waislamu walichukua mahekalu wakayageuza, au Wahindu ndo walioiga? Na mimi Muislamu nilikosea kuingia kule?"

Kaka, kwanza pole kwa kuuguza, mama Mungu ampe afya inshallah. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndo swali nililokuwa nalo mi mwenyewe nilipofika Gujarat kusoma usanifu majengo. Nilinunua daftari nikaligawa, huku majengo ya Kihindu huku ya Kiislamu huku ya Kijaini (Wajaini ni wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), na kila nikitoka kutembea najaza nakshi nilizoziona, baada ya miezi michache sehemu zote tatu zikawa na michoro ileile. Pale ndo nikaelewa nilikuwa naitafuta dini mahali isipokaa.

Jibu langu kwa ufupi, afu nitalifungua: nakshi ni za fundi na za mahali, dini utaikuta kwenye mwili wa mtu anayeabudu. Anasimama wapi, anazunguka nini, anaangalia nini, na jengo linamzuia asione nini. Ukienda na maswali hayo India inasomeka, ukienda na mapambo peke yake utachanganyikiwa kila kona.

Tuanze na msikiti wako. Bila shaka ni Jama Masjid, uliojengwa na sultani Ahmad Shah wa Kwanza, huyohuyo ambaye mji umebeba jina lake. Mji aliuanzisha 1411, msikiti ukakamilika 1424. Ndani una nguzo 260 na juu makuba 15, na ulikuwa na minara mirefu ambayo imeangushwa na matetemeko, kubwa likiwa lile la 1819, ndo maana uliona vitako vya minara tu pembeni ya lango la kati halafu juu hakuna kitu.

Sasa kwa nini nguzo nyingi hivyo? Wewe umekulia Mombasa, nyumba za boriti unazijua. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, ndo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, mtu hakuamka tu akapenda chumba chembamba. Kule Gujarat mambo ni hayohayo ila boriti yao ni jiwe, na jiwe ukilifanya refu sana linakatika katikati kwa uzito wake lenyewe, kwa hiyo nguzo lazima zisogeleane. Mafundi wa Gujarat walikuwa wamejenga hivyo kwa karne nyingi kabla sultani hajawaita. Kiasi cha kilomita 100 kaskazini ya Ahmedabad kuna Modhera, hekalu la mungu jua lililojengwa mnamo 1026 enzi za mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki, ukisimama katikati ya nguzo zake utadhani uko kwenye kipande cha msikiti wako, na umri unatofautiana miaka 400.

Hata kuba ni hivyohivyo. Fundi anapanga duara la mawe juu ya nguzo, juu yake duara jingine linaloingia ndani kidogo, na jingine, na jingine, mpaka tundu linakuwa dogo kiasi cha kufungwa na jiwe moja. Jiwe hilo la mwisho huwa linaning'inia kidogo kwenda chini na fundi hulichonga yungiyungi. Ndilo uliloliona darini. Kwake yeye lile ua lilikuwa namna ya kumalizia kuba, vile fundi wa kwetu asivyoweza kumaliza mlango bila kuuchonga kizingiti cha juu.

Lakini nataka urudi pale kichwani, usimame nje uangalie vile vitako vya minara. Kuna zidaka, kama zile za kuta za nyumba za Lamu lakini kubwa, moja juu ya nyingine, zenye vijiguzo pembeni na kijipaa juu. Kwenye hekalu kidaka kama kile ni nyumba ya mungu, ndani angesimama Vishnu au Surya au mungu mwingine. Kwenye msikiti kidaka kipo, vijiguzo vipo, kijipaa kipo, ila ndani hakuna mtu, pamejazwa majani na matawi yanayojisokota. Fundi ni wa shule ileile na patasi ni ileile, ila alipofika mahali ambapo dini ya mwenye nyumba inakataza, mkono umegeuka ukaenda kwenye mti. Hiyo inchi chache ya jiwe imenifundisha zaidi ya mihadhara mingi niliyokaa kuisikiliza.

Na umegundua kitu kingine? Jama Masjid ni mpana. Ukiingia unakuta uwanja mkubwa, mbele yako ukumbi umetanuka kushoto na kulia kwa sababu watu wanapanga safu na safu zinataka upana, wote wanaelekea ukuta mmoja wa magharibi maana kutoka India kibla ni upande huo. Hakuna kitu cha kuangalia, mihrabu ni alama ya upande tu. Sasa chukua nguzo hizohizo uzipange kwa urefu, ukumbi mmoja unaingia kwenye ukumbi mwingine, kila hatua giza linaongezeka na mahali panabana, mpaka mwisho unafika kwenye kachumba kamoja kasiko na dirisha: hilo tayari ni hekalu, hata kama hujachonga ua hata moja.

Kale kachumba wenyewe wanakaita garbagriha, maana yake chumba cha mimba, yaani tumbo la uzazi. Mtu akiuliza kwa nini mahekalu ya Kihindu yana sherehe yote ile nje, sanamu mpaka juu ya paa, afu ndani giza tupu, jibu ni hapo, unarudi tumboni. Kuhani anainua taa ya samli mbele ya sanamu, kwa muda mfupi unaona uso wa mungu, na wao wanaamini mungu naye anakuona wewe. Tendo hilo linaitwa darshani, na ndilo watu wanalosafiria siku mbili kwenye treni. Hawaendi kusikiliza mahubiri, na hawana haja ya safu, mtu anakwenda akaone na aonekane, kisha anatoka. Ndo maana chumba hakihitaji kuwa kikubwa. Pale Thanjavur kusini, hekalu la Brihadisvara ambalo mfalme Rajaraja wa Kwanza wa Wachola alilikamilisha 1010, mnara wa graniti umepanda mita zaidi ya 60 kwenda angani, na mlima wote huo wa mawe uko juu ya chumba kimoja chenye lingamu moja, yaani nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha mungu Shiva.

Tofauti ya kaskazini na kusini nakupitishia haraka. Kaskazini paa la chumba kile linapanda kwa kujipinda kama mlima, linaitwa shikara, na kusini linapanda kwa ngazi ngazi, halafu baadaye huko kusini malango ya nje yakawa makubwa kuliko hekalu lenyewe, kama pale Madurai. Na zile sanamu za mapenzi za Khajuraho ambazo kila mtu ananiulizia, ni sehemu ndogo tu ya sanamu zote za pale, zilizobaki ni miungu, wapiga ngoma, askari, tembo, mwanamke anatoa mwiba mguuni. Ziko nje au kwenye kuta za pembeni, chumba cha ndani hakina mapambo mengi na kimetulia. Jengo linataka uzunguke dunia yote kwanza ndipo uingie.

Kuzunguka huko kulianza mbali, na hapa lazima nikupeleke Sanchi, Madhya Pradesh. Kuna stupa kubwa ya Wabuddha, kilima cha tofali na mawe cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, iliyoanzishwa enzi za mfalme Ashoka karne ya 3 kabla ya Kristo na ikapanuliwa baadaye. Stupa haina ndani. Huwezi kuingia, hakuna mlango, mabaki matakatifu yamefukiwa katikati. Unachofanya ni kuizunguka ukiiweka mkono wako wa kulia, wakati wote uko kati ya kilima na uzio wa mawe. Na ule uzio, kaka, ukiuangalia karibu utaona jiwe limekatwa kama mbao, boriti za kulala zimechomekwa kwenye matundu ya nguzo kama fundi seremala anavyounga kitanda. Walikuwa wanajenga kwa miti, walipohamia kwenye jiwe mikono ikaendelea na useremala.

Malango manne ya Sanchi ni ya karne ya 1 kabla ya Kristo na yamechongwa hadithi za maisha ya Buddha, lakini Buddha mwenyewe humuoni. Utaona farasi ana mwavuli juu na mgongoni hakuna mtu, utaona kiti kitupu chini ya mti, nyayo mbili, gurudumu. Wale waliochonga walimuonyesha kwa nafasi yake. Sura yake ya kibinadamu inakuja kujaa karne ya 1 na ya 2 baada ya Kristo, Mathura ikichongwa kwenye jiwe jekundu, na Gandhara upande wa Peshawar ikiwa na nguo za mikunjo zinazofanana na za Wagiriki, maana kule Wagiriki walishapita na kukaa.

Na kuna kitu kwenye lango la kusini la Sanchi ambacho ndo jibu la swali lako ukilitaka kwa maandishi. Pameandikwa kuwa kazi ile ya kuchonga imefanywa na mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Pembe za ndovu! Ndo maana nakshi za pale ni ndogo ndogo na zimebanana vile. Watu waliozoea kuchonga vitu vya kushika mkononi walipewa jiwe la lango wakachonga vilevile. Maandishi yanataja kazi yao na mji wao. Chama cha mafundi kilikuwa kinapokea kazi inayokuja.

Ukipata nafasi nenda Ellora, Maharashtra, ukaone jambo hili kwenye jabali moja. Kuna mapango 34 yaliyochongwa mlimani, namba 1 hadi 12 ni ya Wabuddha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini, majirani kabisa, unatembea kutoka moja hadi jingine kwa miguu. La Wahindu namba 16, linaitwa Kailasa, lilichongwa karne ya 8 enzi za mfalme Krishna wa Kwanza wa Rashtrakuta, na siyo pango tena, ni hekalu zima limekatwa kutoka juu kwenda chini kwenye mwamba mmoja wa volkeno. Walianza na ncha ya paa wakamalizia na sakafu. Fundi wa namna hiyo hana nafasi ya kukosea, jiwe ukishalitoa hulirudishi, na makadirio yanayotajwa ya mawe yaliyotolewa ni tani laki moja na nusu hadi laki mbili. Ila angalia nguzo za pango la Kijaini na za Kihindu, mtungi uleule unaofurika majani, mtindo uleule, halafu inua macho uone nani amekaa mwisho wa ukumbi na wewe unatakiwa umfanyie nini, hapo ndo zinatengana.

Sasa lile "hekalu la Wahindu" la marumaru. Kaka, lile siyo la Wahindu, ni la Wajaini. Kwa maelezo yako ni hekalu la Hutheesing, tajiri aliyeanza kulijenga akafariki kabla halijaisha, mjane wake akalikamilisha 1848. Limewekwa wakfu kwa Dharmanatha, wa 15 kati ya walimu wakuu 24 wa Wajaini, na uani limezungukwa na vijihekalu 52. Ulipochungulia ndani uliona sanamu imekaa, miguu imekunjwa, mikono mapajani, macho ya kioo yamefunguka yanakukodolea, sivyo? Watu wengi wanadhani ni Buddha. Mwalimu yule kwa imani yao ameshatoka kwenye dunia hii kabisa, hapokei ombi lako na hatoi mtoto wala kazi, unamtazama ili nawe utulie kama yeye. Kwa hiyo hata kama nguzo ni zilezile, kinachofanyika mbele ya sanamu hakifanani na darshani ya Shiva. Na ule weupe, ile marumaru iliyotobolewa mpaka mwanga unapita, ukiupenda nenda Mlima Abu ukaone mahekalu ya Dilwara, la kwanza la 1031, utashindwa kuamini kuwa ni jiwe.

Halafu fanya hesabu ndogo. Msikiti 1424, hekalu 1848. Ule msikiti umelitangulia lile hekalu kwa miaka 424! Kwa hiyo ukiniuliza kati ya majengo mawili uliyoyaona nani alimuiga nani, kwa tarehe hekalu ndo mdogo, lakini ukweli ni kwamba wote wawili ni watoto wa mafundi wa akina Modhera. Gujarat kuna ukoo unaitwa Sompura, kazi yao kizazi hadi kizazi ni kujenga mahekalu, na mpaka leo wapo, hekalu la Somnath lililojengwa upya na kufunguliwa 1951 ni mchoro wa Prabhashankar Sompura. Na usiende mbali, hapo Mombasa kwenu karibu na Langoni kuna hekalu la Wajaini la marumaru ambalo labda umelipita maisha yako yote, lipitie tena sasa ukiwa umeiona Ahmedabad.

Umeuliza pia kama Waislamu walichukua mahekalu. Hapa sitaki kukupaka mafuta, kuna mahali ndiyo. Delhi, msikiti wa Quwwat-ul-Islam ulioanza miaka ya 1190 pembeni ya mnara wa Qutb, una maandishi yake wenyewe langoni yanayosema mawe yametoka kwenye mahekalu 27. Ukitembea ndani unaona nguzo zimepandanishwa mbili mbili ili zifike urefu, kengele zenye minyororo zimechongwa juu yake, na sura za sanamu zimekwanguliwa. Jengo lile linauma kulitazama ukishajua. Na jambo hili haliko vitabuni tu, Ayodhya msikiti wa Babri uliojengwa 1528 ulibomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, watu wengi wakafa kwenye ghasia zilizofuata, na hekalu la Ram likafunguliwa mahali pale Januari 2024. Kwa hiyo mtu wa kule akikuuliza maswali kama yako jua kwake ni kidonda, usijibu kwa wepesi.

Lakini palepale Delhi kuna funzo la ufundi ambalo silisahau. Watawala wapya walitaka matao makubwa ya ncha kama ya kwao, mafundi walikuwa wenyeji ambao hawakuzoea kujenga tao la kweli, lile ambalo mawe yake yamekatwa kama vipande vya chungwa yanabanana yasianguke. Walichofanya mwaka 1199 ni kupanga mawe ya kulala, kila mstari unasogea mbele kidogo kama walivyojenga makuba yao, halafu wakayachonga yaonekane tao. Umbo ni la Kiislamu, mfupa ni wa hekalu. Nenda hatua chache tu hadi lango la Alai Darwaza la 1311 ukute tao la kweli lenye mawe ya kabari na kuba la kweli juu. Ndani ya miaka kama 110 mkono wa fundi ulikuwa umejifunza, na baadaye makuba na matao yakaingia hata kwenye mahekalu ya Kihindu na ya Masingasinga, kama unavyoona kuba la dhahabu la hekalu kuu la Masingasinga pale Amritsar. Pale nako tazama mwili: milango minne kila upande wa dunia, na badala ya kupanda ngazi unateremka kwenda kwenye maji, kila mtu wa tabaka lolote anaingia akiwa ameshuka.

Taj Mahal sitakaa nayo sana kwa sababu imeandikwa sana. Mumtaz Mahal, malkia ambaye kaburi hilo ni lake, alifariki 1631, kazi ikaanza 1632, marumaru ilitoka Makrana, Rajasthan. Nitakachosema ni kimoja, kwa kuwa wewe unakijua kutoka misibani: kwenye lango kuu mwandishi Amanat Khan, mtu wa Shiraz, ameandika sura ya al-Fajr, na unapopita chini yake kuingia kwenye bustani umefika mwisho wa sura, ewe nafsi iliyotua, rejea kwa Mola wako, ingia peponi Kwangu. Afu unaingia, na bustani iko mbele yako. Wanaoingia wakikimbilia picha wanaikosa hiyo. Na huko juu kabisa ya kuba, kabla ya ncha, kuna yungiyungi lililogeuzwa, lilelile la dari yako ya Ahmedabad.

Kuna sanaa moja ambayo haikukaa kwenye jengo na ningependa uijue, sanamu za shaba za Wachola, kule Tamil Nadu. Swamimalai, karibu na Kumbakonam, wanazitengeneza mpaka leo. Fundi anafinyanga mungu mzima kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu, kila kidole, kila pete, anaipaka udongo laini wa mto Kaveri, ukishakauka anaongeza udongo mzito, kisha anauchoma mpaka nta yote inayeyuka kutoka na kubaki uwazi, humo ndo anamimina metali. Ikipoa anavunja udongo, kwa hiyo kila sanamu ni moja tu duniani, kalibu imekufa. Macho yanachongwa mwisho, na kwao macho yakifunguliwa sanamu imeanza kuona. Ukiikuta makumbusho angalia chini kwenye kitako utaona matundu au vipete, ni vya kupitishia miti ya kubebea, maana mungu huyu hutoka nje siku ya sikukuu kuwaona wale wasioweza kufika kwake. Na barabarani anavikwa hariri na maua mpaka uso tu ndo unaonekana. Hivyo yule Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, ambaye watalii wanampiga picha bila hariri wala maua yake ndani ya kabati la kioo, hakutengenezwa aonekane vile. Ninapomuona kwenye kabati namuonea huruma kama mtu aliyetolewa nje ghafla bila kuvaa.

Nimalizie na swali lako la mwisho. Hukumu ya dini yako muulize sheikh wako, mi nakujibu kwa upande wa wenye nyumba. Hekalu la Hutheesing wageni wanakaribishwa, ila kwa Wajaini kitu cha ngozi hakiingii, mkanda na pochi unaacha nje pamoja na viatu, na vyumba vya ndani picha hairuhusiwi. Kwa Masingasinga unafunika kichwa, unaingia, na chakula utapewa bure. Mahekalu mengi ya Kihindu yako wazi, lakini yapo ambayo asiye Mhindu haingii kabisa, kama la Jagannath pale Puri, heshimu kibao ukikikuta.

Mkirudi Ahmedabad kwa ajili ya kliniki ya mama, kuna msikiti mwingine mdogo karibu na Lal Darwaja, uko katikati ya magari kabisa, unaitwa wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa 1572 hadi 1573, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa Afrika aliyetumikia jeshi la sultani wa mwisho wa Gujarat. Masidi, yaani wazao wa Waafrika kama yeye, bado wapo Gujarat, wanaongea Kigujarati, na ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Msikiti huo una madirisha ya jali, yaani jiwe lililotobolewa, na moja limechongwa mti ambao matawi yake yamejisokota na mtende mpaka huoni linaanzia wapi, chuo kikuu cha biashara cha mji ule kimeutumia kama nembo yake. Dirisha liko ukuta wa magharibi, upande wa kibla. Nenda baada ya alasiri, jua likiwa limeshuka nyuma ya ukuta, ukae chini ndani.